Sahani Tano za Mama Anyesi

Nimeacha kazi mwaka huu. Wauguzi vijana niliowaacha katika kituo chetu cha afya hapa Kalemie wameniomba niwaandikie ninayoyakumbuka kabla sijaanza kuyasahau au, vibaya zaidi, kuyapamba. Habari za vyeo sitazigusa; aliyepanda na aliyebaki chini tulifua koti lile lile jeupe. Nitaandika juu ya vifua vya watu, maana nimevisikiliza kuliko nilivyomsikiliza mume wangu, na mwenyewe analijua hilo.

Siku ya kwanza nilifika kabla ya mlango kufunguliwa, nikiwa na diploma niliyoikunja mara nne ili ienee mkobani. Mkuu wa wauguzi alikuwa Papa Silivesta, mzee mrefu wa Nyunzu aliyetembea taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha watoto. Nilitegemea atanipa vidonda vya kufunga. Akanipa stetoskopu yake, kile chombo cha kusikilizia kifua, mpira wake umebandikwa plasta mahali pawili.

"Wiki hii usiguse mugonjwa hata mumoja," aliniambia. "Sikiliza wazima."

Nikamsikiliza mlinzi, nikamsikiliza mama anayefua mashuka, nikamsikiliza padri aliyekuja kusalimia wagonjwa akaishia kuvua shati. Siku ya nne nilikuwa nimechoka. Moyo mzima ni kitu cha kuchosha: hatua mbili, kimya, hatua mbili, kimya. Papa Silivesta akafurahi kusikia nimechoka. Alisema sasa masikio yangu yameanza kufanya kazi.

Alinifundisha pia kupima tansio, yaani shinikizo la damu, na hapa nawaomba mnisikilize kwa sababu wengi wenu mnapima vibaya. Mtu aketi, ameegemea, miguu yake imegusa sakafu. Asiwe ametoka kuvuta sigara wala kupanda kile kilima chetu. Mkono ulale usawa wa moyo, na wewe mwenyewe unyamaze. Ukipima mara moja umepima woga wake. Ngoja, upime tena. Na swali la kwanza, alisema mzee, lisiwe anaumwa wapi.

"Muulize anakula na nani. Juu ya chakula mutu anadanganya. Juu ya wale wa sahani yake hadanganyi."

Nililiona kuwa swali la mzee mwenye upweke. Nililiuliza kwa miaka mingi kwa heshima tu, na majibu yalikuwa yale yale: na bibi yangu, yaani mke, na watoto, na wenzangu wa bandarini. Papa Silivesta alikuwa amekwisha kufariki wakati swali lake liliponipa jibu ambalo sikujua niliandike vipi kwenye kadi.

Mgonjwa aliitwa Papa Damasi, fundi cherehani wa sokoni, mwanaume mnene wa miaka arobaini na kitu, mpole sana. Alikuja mwenyewe, na kutoka barabarani mpaka kwetu juu alisimama mara tatu. Alisema akipanda, kitu kinamkaba kifuani na kushuka mkono wa kushoto, akisimama, kinamwachia. Usiku analala na mito miwili. Miguu ilikuwa imevimba mpaka alama ya soksi ilibaki kama mfereji. Namba ya juu ya tansio ilipita mia mbili. Nikangoja, nikapima tena, ikapita vilevile.

Kisha nikamwekea stetoskopu. Moyo wake ulikuwa na hatua tatu.

Wale mliosoma mnajua maana yake: moyo uliochoka, unaopokea damu kwa shida na kutoa sauti moja ya ziada. Lakini kusoma ni kitu kimoja. Mimi nilisikia hatua mbili, halafu nyuma yake hatua ya tatu, nyepesi, kama mtu anayefuata nyuma bila viatu. Lazima uso wangu ulibadilika.

"Na wewe unamusikia?" Papa Damasi aliniuliza.

"Nani?"

"Yaya Leo, kaka yangu mukubwa. Toka tulimuzika, anatembea nyuma yangu."

Nikafanya anachofanya muuguzi asiyejua la kusema, nikaandika tarehe. Kisha nikauliza swali la Papa Silivesta.

"Papa, nyumbani unakula na nani?"

"Na yaya zangu."

"Wako wangapi?"

"Wane."

"Wote wanaishi kwako?"

Aliniangalia kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Mama, hawaishi."

Nilimpeleka kwa daktari wa hospitali kubwa, aliyethibitisha kuwa moyo umechoka na mishipa yake imeziba kiasi. Alimwandikia dawa, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba dawa peke yake hazitatosha kama mtu huyu ataendelea kula na kukaa kama anavyokula na kukaa. Kazi hiyo ya pili aliniachia mimi. Madaktari wana tabia hiyo.

Basi nikaenda kwake, siku ya Jumanne, saa sita mchana. Mnazijua saa sita za hapa kwetu upepo wa ziwa unapokufa. Kuku wamelala chini ya ukuta, maji yamekuwa bati, na sauti ya mtu wa mbali inakufikia kana kwamba yuko bega kwa bega nawe. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na meza ndefu na viti vitano upande wake mmoja, na mbele ya kila kiti sahani iliyojaa. Bugali, samaki mikebuka wa chumvi waliokaangwa, mchuzi ambao mafuta ya mawese yalisimama juu yake kidole kizima. Sahani zote tano zilikuwa zinatoa moshi. Hapakuwa na mtu.

Nikaita hodi. Hakuna aliyeitika. Nilikuwa nimetembea kwenye jua, nikavuta kiti cha pili nikakaa.

"Hapo pa Gaspari," sauti ilisema nyuma yangu. "Hama."

Nikaruka. Alikuwa mwanamke mzee, mdogo wa umbo, kitambaa cheupe kichwani, ameshika kijiko cha mti. Huyo ndiye Mama Anyesi, mzazi wa Damasi, mtu wa Kirungu, aliyeshuka na mume wake kutoka milimani zamani kuja kutafuta kazi huku chini. Nilipohama nilipitisha mkono kwenye kiti, sijui kwa nini. Kilikuwa na joto, na lile halikuwa joto langu, maana sikuwa nimekaa hata kuhesabu kumi. Jua lilikuwa upande mwingine wa nyumba. Jioni, katika daftari la kutembelea wagonjwa, niliandika: nyumba safi, hewa inapita.

Aliniwekea kigoda karibu na mlango na kunielezea bila kulia. Mume wake alianguka kazini. Halafu Kosma, mtoto wa kwanza, akaanguka akifunga viatu. Gaspari alianguka njiani kwenda kanisani. Yustini aliwekewa chakula mezani, akainamisha kichwa kama anayesali, hakukiinua. Leo ndiye wa mwisho. Wote walikuwa hawajatimiza miaka hamsini. Wote walikuwa wakubwa wa mwili, wapenda kula, wavutaji sigara, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupimwa tansio.

"Mimi niko napika kama walikuwapo," alisema. "Nikipika kidogo, watasema mama ametusahau."

"Na hicho chakula chao kinakwenda wapi?"

"Damasi anakula. Chakula cha ndugu hakitupwi."

Wakati ule ule Papa Damasi akaingia kutoka sokoni. Alinisalimia, akanawa mikono, akakaa kiti cha tano. Alikula sahani yake. Kisha akahamia kiti cha nne akala sahani ya Leo, taratibu, bila tamaa, kama mtu anayemalizia kazi. Kisha ya tatu. Alipofika ya Kosma jasho lilikuwa linamtiririka, na mama yake amesimama nyuma yake amemwekea mkono begani. Nimewahi kuona mengi katika kazi hii, lakini shingo ilinisisimka kuliko siku yoyote ya kipindupindu.

Hapa nafika kwenye kosa langu, na sitalipunguza.

Nilipotoka, mke wa Damasi, Mama Filo, alinisindikiza mpaka barabarani. Alikuwa mwanamke mwenye hofu, na haki alikuwa nayo. Akaniuliza mume wake ana nini. Mimi, nikiwa bado na ile meza machoni, nilimjibu haraka:

"Sufuria ya mama mukwe wako njo inamuua."

Nilimaanisha chumvi. Nilimaanisha mafuta, na wingi, na kukaa kwenye cherehani kutwa nzima. Lakini maneno hubaki kama yalivyosemwa. Siku ya tatu mlinzi wetu alikuja mbio kuniita. Kwa Mama Anyesi kumejaa watu, alisema, na wanasema muforomo, yaani mimi muuguzi, amethibitisha kwamba mzee yule anakula watoto wake kwa uchawi.

Nilichukua mashini ya tansio. Sikujua nitaifanyia nini, ni mkono wangu tu uliozoea kuishika.

Ilikuwa tena saa sita, na tena kimya. Hicho ndicho kilichoniogopesha. Nilitegemea kelele, nikakuta wanaume labda ishirini wamesimama uani bila kusema, na bidoni ya mafuta ya taa imewekwa katikati yao chini. Mama Anyesi alikuwa kwenye kigoda chake, anachambua maharagi. Vidole havikusimama. Ndani, kupitia mlango, niliona meza imeandaliwa. Papa Damasi alikuwa ameegemea ukuta, midomo imekuwa ya kijivu, amejaribu kuwazuia na pumzi zimemwisha.

Mbele alikuwa kaka yake Mama Filo, Papa Bonifasi, mwenye boti la mizigo, mtu wa kifua kikubwa.

"Mama muforomo, karibu," alisema. "Waambie wenyewe. Ulisema ao haukusema?"

"Nilisema."

Watu wakaguna. Mama Anyesi akaacha maharagi kwa mara ya kwanza, akaniangalia. Sijaweza kulisahau lile jicho. Halikuwa la hasira. Lilikuwa la mtu anayengoja matokeo ya kipimo.

"Nilisema sufuria inamuua," niliendelea. "Sasa mnipe nafasi niwaonyeshe inavyoua. Papa Bonifasi, kaa hapa."

"Mimi siko mugonjwa."

"Kaa. Ao unaogopa mashini?"

Hakuna mwanaume atakayekubali hilo mbele ya ishirini. Akakaa. Nikafuata kila kitu nilichofundishwa na Papa Silivesta: mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Nikasema kwa sauti kwamba lazima tungoje, na kila mtu anyamaze. Tukangoja. Inzi walikuwa wanasikika. Nikapima, nikapima tena, nikasoma namba ili wote wasikie. Ilikuwa juu kuliko ya Damasi.

"Papa Bonifasi, wewe chakula unapikiwa na nani?"

"Na bibi yangu."

"Samaki wa chumvi?"

"Ndiyo."

"Mafuta mengi? Sigara? Na ile pombe ya lutuku ya jioni?"

Nyuma mtu alicheka kidogo akaacha.

"Basi na bibi yako ni mulozi," nilisema. "Tuchukue bidoni twende kwako."

Alisimama akasema mashini imeharibika. Nikamwambia tutaijua kwa kumpima mwingine. Mmoja akaketi, halafu mwingine, kwa kutaka kumwonyesha Bonifasi kwamba yeye ni mzima. Wengine walikuwa wazima kweli, wengine sivyo. Kufikia saa nane wale watu waliokuja kuchoma nyumba walikuwa wamesimama mstari, mikono ya mashati imekunjwa, wanagombana nani alitangulia. Bidoni mtu aliiondoa, sikuona nani. Mama Anyesi alirudi kwenye maharagi yake. Mimi niliendelea kupima.

Baada ya hapo ndipo ilipoanza kazi yenyewe, ile ndefu isiyo na watu wa kuitazama. Kila Jumanne nilikwenda. Mafuta tuliacha kuyamwaga kwa chupa, tukayapima kwa kijiko, na yaliyokwisha kutumika hayakurudishwa motoni. Samaki wa chumvi waliondoka, wakaja mikebuka wabichi wa asubuhi, waliochemshwa na nyanya, vitunguu na ndimu. Vile vidonge vya kukolezea mchuzi nilivibeba mwenyewe nikaondoka navyo. Bugali ikapungua, maharagi na majani ya sombe na lengalenga vikaongezeka. Damasi alilalamika kwamba chakula kina ladha ya hospitali. Baada ya wiki chache ulimi wake ukazoea, akaanza kulalamika kwamba chakula cha watu wengine kina chumvi. Sigara ilimchukua miezi, na mara mbili alirudi nyuma. Kutembea tulianza kwa nguzo mbili za umeme, kisha tatu, akisimama kifua kinapomwambia simama. Na dawa hakuacha hata siku moja. Hilo liandikeni kwa herufi kubwa: mboga zinamsaidia mgonjwa wa moyo, lakini hazichukui nafasi ya dawa alizoandikiwa, na anayewaambia vingine mwonyesheni mlango.

Sahani ndizo zilikuwa ngumu. Kumwambia mama aache kuwapikia watoto wake sikuweza, na ningeweza asingesikia. Nyuma ya nyumba yao walikuwa wamejenga watu waliokimbia vita vya Nyunzu, mama mmoja na watoto wake. Siku moja nilimuuliza Mama Anyesi kama wale yaya wanne wangekubali kugawana nao.

"Gaspari atakubali," alisema. "Kosma alikuwa muchoyo."

Juma lililofuata sahani tatu zilikwenda nyuma ya nyumba. Ya Kosma ilibaki mezani mwezi mzima zaidi, na Damasi alizuiwa kuigusa. Kisha Mama alisema Kosma ameulizwa sana, na hatimaye amekubali. Aliulizwa na nani, kwa njia gani, sikuandika. Ila siku sahani ya nne ilipotoka, nilikuwa mle ndani, na viti vinne vililia kwa zamu, kimoja kimoja, kama vinavyolia watu wakiinuka. Ubao hulia hewa ikibadilika. Nawaambia hivyo kwa sababu nami nilijiambia hivyo.

Mwaka ulipopita, Damasi alipanda kilima chetu bila kusimama. Miguu ilikuwa mikavu, anatumia mto mmoja. Tansio ilikuwa ya kawaida. Nikamwekea stetoskopu nikasikiliza, nikamgeuza ubavu wa kushoto nikasikiliza tena. Hatua mbili, kimya. Hatua mbili, kimya.

"Bado yuko?" aliniuliza.

"Hayuko."

Nilitegemea afurahi. Alivaa shati pole pole, vifungo vyote. "Amekwenda wapi, Mama?" Alikaa pale kidogo, akafuta macho, akaenda kufungua duka lake.

Mama Anyesi aliishi miaka mingine mingi. Karibu na mwisho wa kazi yangu alianza kudhoofika bila ugonjwa wa kutaja jina, nami nilikwenda kumgeuza kitandani na kumpaka mafuta mgongoni. Alasiri moja, Mama Filo yuko kisimani, alinishika mkono. Vidole vilikuwa baridi lakini vilikuwa na nguvu.

"Mutoto wangu, ile siku watu walijaa. Ulisema sufuria."

"Nilikosea kusema vile, Mama."

"Sikuulizi kama ulikosea. Niko nauliza wale wane. Ni mimi?"

Nilikuwa na miaka mingi ya kuzoea kujibu wagonjwa. Hapana, Mama, pumzika. Ilikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa ananiangalia kwa lile jicho la uani, na nilijua atautambua uongo kabla haujamaliza kutoka.

"Ni chumvi, Mama, na mafuta," nilisema. "Ulipika kama mama yako alivyopika, na kule milimani watu walipanda na kushuka kutwa. Huku walikaa. Ni sigara zao wenyewe. Ni damu ya baba yao. Na nyumba yenu iko kwenye njia yangu ya kwenda kazini. Nilipita hapa miaka yote ile na mashini mkobani, wakanisalimia mulangoni bila mimi kujua majina yao, sikuwahi kumukalisha hata mumoja nimupime."

Alifumba macho. Nilidhani amesinzia. Nje, ziwa lilikuwa limelala kabisa.

"Kumbe tulikuwa wengi," alisema.

Aliniachia mkono. Alifariki siku kumi baadaye, asubuhi, bila kuumwa. Tulimchukua kwa boti mpaka Moba, akazikwe kwao milimani, na kutoka kule chini Damasi alimpandisha Kirungu begani, yeye mbele pamoja na Bonifasi, wengine wawili nyuma, kwa ile njia ya miguu. Bonifasi aliomba kupumzika mara mbili, mtu mwingine akashika upande wake. Damasi alimngoja amesimama, jeneza likiwa bado begani mwake, anapumua kwa pua.